Kalkulasi ya pili kwa wiki 6 huku nafanya kazi, nijisajili au nisubiri?

Mwalimu shikamoo,

Nasoma majibu unayowapa wenzangu muda mrefu sasa, sikuwahi kufikiria na mimi ntakaa chini kuandika, ila safari hii nimekwama kabisa na muda unaniishia. Usajili unafungwa wiki 3 zijazo na darasa lenyewe linaanza wiki moja baada ya hapo.

Mimi nasoma uhandisi, mwaka wa kwanza ndo nimemaliza. Kalkulasi ya kwanza nimepata C. Sio kwamba sikuelewa kitu, mwanzoni nilikuwa vizuri tu, limiti nilizielewa, difarensiesheni (kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) nilikuwa nafanya mpaka nawaelekeza wengine, ila zile wiki za mwisho tulipoingia kwenye intigresheni, yaani kinyume cha difarensiesheni, profesa alikuwa anakimbia na mimi nilikuwa na mitihani mingine mitatu, kwa hiyo nilikariri fomula nikaingia nazo kwenye mtihani na zilipoisha fomula na mimi nikaisha. Trigonometria nayo tangu sekondari hatujawahi kuelewana.

Sasa chuo chetu kinafundisha kalkulasi ya pili muhula huu wa kiangazi. Ni wiki 6, Jumatatu mpaka Alhamisi, kila siku asubuhi masaa mawili na nusu. Muhula wa kawaida somo hilo hilo linachukua wiki 15. Nikiichukua sasa nikafaulu basi muhula ujao naingia kalkulasi ya tatu na fizikia ya pili pamoja na wenzangu tulioanza nao, nisipoichukua nabaki nyuma kwa sababu karibu kila somo la mwaka wa pili kwetu linadai uwe umepita hii kwanza.

Tatizo la pili nafanya kazi, masaa 30 kwa wiki, jioni, na hiyo hela ndo inayonisaidia kulipia muhula unaofuata. Bosi aliwahi kusema naweza kupunguza masaa nikihitaji ila sijamwomba rasmi, naogopa nikipunguza nisije nikakosa kabisa.

Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Rafiki yangu mmoja anasema kiangazi ni rahisi manake una somo moja tu kichwani na maprofesa wanakuwa hawana makuu. Kaka yangu alilichukua somo hili hili kiangazi akaliacha katikati na mpaka leo hataki kulizungumzia. Mshauri wa masomo aliniambia inategemea na mimi mwenyewe, nikatoka pale nikiwa vile vile nilivyoingia. Halafu kuna chuo kingine wanalitoa kwa wiki 8 kwa njia ya intaneti, sijui kama hiyo ni afadhali au ndo mbaya zaidi.

Mwalimu mimi sio mvivu. Nachoogopa ni kuingia nikafeli halafu nikawa nimepoteza hela, muda, na hata hamu ya kuendelea na uhandisi. Niambie ukweli hata kama utaniuma. Nijisajili au nisubiri?

Niko Njia Panda


Marahaba mwanangu,

Umeniomba ukweli, basi naanza na ule wa hesabu za masaa maana huo haubembelezi mtu. Darasa lako ni masaa 10 kwa wiki, mara wiki 6 yanakuja masaa 60, ni yale yale 60 ya muhula wa wiki 15 kwa masaa manne manne, hakuna kilichopunguzwa hapo, wamelibana tu. Na somo la hesabu linataka kama masaa mawili ya kukaa peke yako na karatasi kwa kila saa moja ya darasani, hiyo hata wanaofanya vizuri wanaifanya, kwa hiyo ni 10 ya darasani na 20 yako, jumla 30 kila wiki. Ongeza kazi yako ya 30 unapata 60, hujasafiri, hujala, hujalala, hujaumwa hata mafua. Nimewafundisha watu somo hili miaka mingi, kwenye mihula mirefu na mifupi, na niliowaona wakianguka kiangazi wengi walikuwa na akili za kutosha kabisa, walichokosa ni masaa, wakagundua wiki ya tatu wakati mtihani wa kwanza umeshapita.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako kama lilivyo, wiki 6 pamoja na kazi ya masaa 30, ni hapana. Usijisajili hivyo. Lakini usifunge hapa ukaondoka, kwa sababu hali yako ina vitu viwili vinavyoweza kubadilika ndani ya hizi wiki chache ulizonazo, na vikibadilika na jibu langu linabadilika.

Cha kwanza ni hiyo C. Watu wanaiangalia C kama herufi, mimi nataka kujua imetokea wapi. Kuna mtu anapata C kwa sababu aliyumba mwanzo kwenye limiti akaja kukaa sawa mwishoni, huyo naweza kumruhusu aendelee bila wasiwasi mkubwa. Wewe ni kinyume chake, ulikuwa mzuri mwanzo ukaanguka kwenye intigresheni, na kalkulasi ya pili inaanzia hapo hapo ulipoangukia, siku ya kwanza, saa ya kwanza. Profesa atakumbusha sabstitusheni, ile ya kuweka herufi moja badala ya sehemu ya swali, labda kwa dakika 20 kisha anahamia kwenye intigresheni kwa vipande, ile ya vitu viwili vinavyozidishana, na kesho yake mko kwenye trigonometria, ile ile usiyoelewana nayo. Ndo maana nakwambia shimo lako sio kubwa ila limekaa mlangoni, huwezi kuingia ndani bila kulikanyaga.

Na habari njema ni kwamba shimo la namna hiyo linazibika. Una wiki 3 kabla ya usajili kufungwa na 4 kabla ya darasa, hiyo inatosha kabisa kwa mtu ambaye difarensiesheni anaijua mpaka anafundisha wenzake. Ntakwambia uzibe vipi, subiri kidogo.

Kwanza nikujibu hili la rafiki yako kwamba kiangazi ni rahisi. Ana nusu ya ukweli. Kuwa na somo moja kichwani inasaidia kweli, unaamka unawaza intigrali unalala unawaza intigrali, hakuna kemia ya kukuvuruga, na darasa linakuwa na watu wachache unaweza kuuliza. Ila kuna kitu anakisahau. Hesabu haiingii kwa kusomwa mara moja, inaingia kwa kusahauliwa na kukumbushwa. Yule mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha tunavyosahau haraka mwanzoni na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika kwa siku moja. Muhula wa wiki 15 unakupa hiyo nafasi ya kuachanisha bila hata wewe kujua, unajifunza kitu Jumanne unakipumzisha unakutana nacho tena wiki ijayo kwenye kwizi. Kiangazi hakuna huo muda, na ukitaka kurudia inabidi uipange mwenyewe kwa makusudi, ukisubiri ratiba ya darasa ikurudishie haitakurudishia, itakuwa imeshafika kwingine.

Piga tena hesabu ndogo hapo, siku moja ya darasa lako la kiangazi ni masaa mawili na nusu, muhula wa kawaida wiki nzima ni masaa manne. Ukikosa siku moja umekosa zaidi ya nusu wiki, ukikosa mbili umekosa zaidi ya wiki nzima. Kwa hiyo kama una harusi ya ndugu, safari, sijui miadi ya hospitali, angalia kalenda sasa hivi kabla hujalipa.

Kuna watu pia wanapenda kumtaja Newton, kwamba chuo cha Cambridge kilipofungwa kwa sababu ya tauni mwaka 1665 alirudi nyumbani kwao akaivumbua kalkulasi. Ni kweli kazi kubwa aliifanya kipindi hicho, lakini hakikuwa kiangazi kimoja, ilienda mpaka 1667 huku akirudi chuoni katikati na kuondoka tena, na alishaanza kusoma hesabu hizo kabla hajaondoka. Hata yeye alihitaji kuachia kitu kikae.

Umeniuliza kwa namna fulani kama somo lenyewe ni gumu kama linavyosemwa, hukuliandika wazi lakini nimeliona kwenye hofu yako. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanatishwa bila kuambiwa ugumu uko wapi.

Kalkulasi ya kwanza ina njia moja iliyonyooka. Nikikupa kitu cha kudifarensieti, hata kiwe kibaya kiasi gani, kanuni zipo, unaifuata moja baada ya nyingine unafika. Intigresheni sio hivyo. Unapewa kitu na kazi ya kwanza ni kuamua utumie njia gani, na vitu vinafanana kwa sura huku vinataka dawa tofauti. Chukua hizi tatu:

∫ x·eˣ dx
∫ x·e^(x²) dx
∫ e^(x²) dx

Ukizitazama ni kama watoto wa mama mmoja. Ya kwanza inataka intigresheni kwa vipande, jibu ni (x − 1)eˣ + C (hiyo C ni namba yoyote isiyobadilika, sio alama yako ya mtihani). Ya pili kwa vipande utahangaika mpaka kesho, ila ukiweka u = x² inaanguka kwa mstari mmoja, ½e^(x²) + C. Na ya tatu, ambayo ndo inaonekana rahisi kuliko zote manake haina hata ile x ya mbele, haina kabisa jibu linaloweza kuandikwa kwa fomula zetu za kawaida, na hilo limethibitishwa, sio kwamba bado hatujaipata. Mwanafunzi aliyekariri fomula anaziona hizi tatu anachanganyikiwa, anadhani somo linamwonea. Aliyejifunza kutazama kwanza anaona ile x ya mbele kwenye ya pili ni kipande cha difarensiesheni ya x², basi, kazi imeisha.

Ndo maana nikasema kukariri kulikoishia kukuangusha mwishoni mwa kalkulasi ya kwanza huku kutakuangusha mapema zaidi. Naomba ufanye zoezi hili ambalo nawapa wanafunzi wangu wote: chukua intigrali 30 zilizochanganywa, usitatue hata moja, taja tu dawa. Hii sabstitusheni, hii kwa vipande, hii vunja sehemu, yaani kitu kimoja kilichogawanywa kwa kingine, kuwa sehemu ndogo ndogo, hii ina √(9 − x²) kwa hiyo weka x = 3 sin θ. Andika na sababu kwa maneno matano. Inachukua kama nusu saa, na ukiifanya mara tatu kwa wiki utaona jicho linaanza kuona lenyewe. Wengi wanatatua 30 za aina moja zilizopangwa kwenye sura moja ya kitabu wanadhani wameiva, kumbe kichwa cha sura ndo kilikuwa kinawatajia dawa, na kwenye mtihani hakuna kichwa cha sura.

Nusu ya pili ya somo ni mfululizo wa namba usio na mwisho, na hapa ndo wengi wanalia, hasa kiangazi, kwa sababu inakuja wiki ya nne wakati watu wameshachoka na ni kitu kipya kabisa, hakifanani na chochote ulichowahi kusoma. Unajumlisha namba zisizoisha na unaulizwa, jumla inatulia kwenye namba fulani au inaendelea kukua bila kikomo? Ukijumlisha 1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 na kuendelea inatulia kwenye 2. Ukijumlisha 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea, vipande navyo vinazidi kuwa vidogo, unaona kama na hii lazima itulie, na haitulii. Inakua taratibu mno, unahitaji vipande 12,367 ndo jumla ivuke 10, lakini haina ukomo. Oresme, msomi wa Ufaransa, aliionyesha hiyo karne ya 14 kwa ujanja ambao hata mtoto wa sekondari anaufuata: 1/3 + 1/4 inazidi nusu, vinne vinavyofuata kuanzia 1/5 mpaka 1/8 vinazidi nusu, vinane vinavyofuata tena vinazidi nusu, kwa hiyo unaongeza nusu nusu milele.

Hilo kosa, la kudhani vipande vikielekea sifuri basi jumla imetulia, ndo kosa ninaloliona kuliko yote kwenye karatasi za mitihani ya somo hili. Ukianza wiki ya nne ukiwa unalijua hilo kwa kuliamini kabisa moyoni, umeshawatangulia wengi.

Basi turudi kwenye wiki zako hizi 3. Acha kitabu cha kalkulasi ya pili, usikiguse. Rudi kwenye sura za mwisho za kalkulasi ya kwanza, zile mlizokimbia, ufanye maswali ya sabstitusheni na ya eneo kati ya grafu mbili mpaka yasikutishe. Jikumbushe kwamba ile alama ∫ mwanahisabati Mjerumani Leibniz alipoiandika mara ya kwanza mwaka 1675 ilikuwa ni herufi S iliyorefushwa, S ya neno la Kilatini la jumla. Intigrali ni kujumlisha vipande vyembamba. Ukilishika hilo, mtakapofika kwenye ujazo wa vitu vinavyozungushwa hutakariri fomula, utachora kipande kimoja, utauliza ujazo wake ni ngapi, utajumlisha. Saa moja na nusu kila siku inatosha kwa hii kazi, kabla hujaenda kazini.

Trigonometria nayo huhitaji yote. Unahitaji thamani za sin na cos kwenye pembe za kawaida bila kikokotoo, sin² + cos² = 1 pamoja na ndugu yake wa tan na sec, fomula za pembe mara mbili, na difarensiesheni za zote sita. Hiyo ni karatasi moja. Iandike kwa mkono kila asubuhi bila kutazama, siku ya kumi utakuwa huihitaji tena.

Aljebra usiidharau, tena hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimesahihisha karatasi nyingi ambazo kalkulasi ilikuwa sawa kabisa mwanafunzi akaanguka kwenye kufungua mabano au kukata kitu ambacho hakikatiki kwenye sehemu.

Baada ya hapo, siku chache kabla usajili haujafungwa, jipime. Maswali ni haya 7, dakika 45, bila daftari wala simu wala kikokotoo. Difarensieti x² sin(3x). Tafuta ∫ x/(x² + 1) dx. Andika x² + 6x + 13 kama mraba kamili kujumlisha namba. Vunja 1/(x² − 1) iwe sehemu mbili, hiyo ni aljebra tupu. Tafuta eneo kati ya y = x na y = x² kuanzia 0 mpaka 1. Tafuta ln x ÷ x inaelekea wapi x ikikua bila mwisho. Na la mwisho, tafuta intigrali ya sin²x kuanzia 0 mpaka π, ambayo itakulazimisha ukumbuke kwamba sin²x ni (1 − cos 2x)/2.

Majibu yake usiyaangalie kabla: 2x sin 3x + 3x² cos 3x, ½ ln(x² + 1) + C, (x + 3)² + 4, ½·1/(x − 1) − ½·1/(x + 1), 1/6, sifuri, π/2. Ukipata 6 au 7 msingi wako umesimama. Ukipata 5 ukiona yaliyokosewa ni uzembe wa alama tu, sawa pia. Chini ya hapo mwanangu subiri muhula wa kawaida, na usione kama ni aibu, tumia kiangazi kuendelea kuziba na kufanya kazi yako, utaingia muhula ujao ukiwa tofauti kabisa na C yako.

Cha pili kinachoweza kubadilika ni kazi. Mwombe bosi sasa hivi, rasmi, kwa maandishi, na mwambie tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, manake mtu anayesema nipunguzie masaa anasikika tofauti na anayesema nipunguzie mpaka 15 kwa wiki hizi 6 kisha narudi kwenye 30 zangu. 30 za somo na 15 za kazi ni 45, hiyo mtu anaibeba kwa wiki 6. Akikataa, au hiyo hela ukiikosa huwezi kulipia muhula ujao, basi hapo usijilazimishe wiki 6, haitakuwa kosa lako wala la hesabu.

Hapo ndo ile ya wiki 8 inapoingia. Ni masaa yale yale yamegawanywa kwa 8, kama saba na nusu ya masomo na 15 yako, 22 na nusu kwa wiki, na kazi ya 20 inaweza kukaa pembeni yake. Kwa mtu mwenye kazi mimi naipenda zaidi kuliko ya 6. Lakini ni ya intaneti na ni ya chuo kingine, kwa hiyo usilipe hata senti mpaka idara yenu ya hesabu ikuandikie, sio ikuambie kwa mdomo, kwamba wanaikubali kama kalkulasi ya pili yao. Uliza pia alama unayotakiwa kupata ndo wakuhamishie, na uliza matokeo yatafika lini, kwa sababu kozi ikiisha siku chache kabla ya muhula mpya na matokeo yakachelewa unaweza kukuta umefaulu na kalkulasi ya tatu imekukatalia kujisajili. Na ujue tabia yako. Kama ni mtu wa kuacha video mpaka Jumapili usiku, darasa la kukaa na watu kila asubuhi litakuokoa kuliko wiki 2 za ziada.

Ukishaingia, popote pale, ntakupa machache tu. Ukitoka darasani usiende nyumbani, tafuta meza hapo hapo, funga daftari, uirudie mifano ya siku hiyo kwenye karatasi tupu mpaka pale unapokwama, pale ulipokwama ndo swali lako la kumpelekea profesa kesho. Mchana ni homuweki. Asubuhi kabla ya darasa dakika 20 za maswali ya siku tatu nyuma, hiyo ndo ile kuachanisha niliyokwambia kwamba ratiba haitakupa. Programu za simu zinazotatua hesabu zitumie kuhakiki jibu ulilokwisha kulipata, ukianza kuzifungua kabla hujaandika kitu zitakufanya ujione unaelewa, na hiyo hali ni ngumu kuitambua mpaka uwe umekaa mbele ya karatasi ya mtihani. Ijumaa huna darasa, usiiuze kazini, Ijumaa ni ya kuchanganya maswali ya wiki nzima.

Siku ya kwanza ya kozi tafuta tarehe mbili kwenye kalenda ya chuo, ya mwisho ya kuacha na kurudishiwa hela, na ya mwisho ya kuacha bila kuandikiwa F. Kiangazi zinakuja haraka mno, ile ya hela inaweza kuwa ndani ya siku chache tu. Panga kabisa kwamba mtihani wa kwanza ukipata chini ya 60 kwa 100 utakaa na profesa ndani ya siku hiyo hiyo umuulize waziwazi kama unaweza kufika. Kaka yako kuacha katikati huenda ulikuwa uamuzi wa busara kuliko anavyouona. Mwendee, sio kumuuliza kilichomshinda, muulize tu ilikuwa wiki ya ngapi na walikuwa wanasoma nini, nahisi atakuambia, na utapata ramani ya darasa lenu ambayo mimi sina.

Barua kwa bosi iandike leo. Jaribio lifanye Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, simu ikiwa chumba kingine, halafu niandikie umepata ngapi na bosi kakujibu nini.

Mwalimu